Adabu za Kumfundisha Shemeji Gari

Mimi mchumba wa rafiki yangu namheshimu kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo. Namba yake ya simu sina. Zawadi simpi, hata peremende. Akija kwangu kuulizia jambo na mwenzake hayupo, yeye anabaki nje, mimi nabaki ndani, mlango wazi, tunaongea kama watu wanaouziana mkaa. Na dakika ile ile ninayotambulishwa kwake namwita shemeji, kwa sauti, kila mtu asikie, maana neno hilo kwangu ni ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Sikuzaliwa hivi, ulimwengu ndio ulionifunza. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa na rafiki tuliyelala naye chumba kimoja chuoni, tukavaliana hata soksi. Mchumba wake akanizoea, akawa ananieleza yake yote, mpaka siku moja akanieleza kwamba anataka kumwacha mwenzangu na hajui aanzie wapi. Nikakimbia kwenda kumwambia mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Hakunishukuru. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini wewe umejua kabla yangu? Urafiki wetu ukafa siku hiyo hiyo. Yule bwana yeye alibaki naye miezi minne mingine, wakila na kunywa.

Basi nikaapa kwamba mambo ya wapenzi wawili yasipite tena masikioni mwangu. Nikaajiriwa kufundisha udereva, wanafunzi wakaniita Mwalimu Breki, na miaka kumi na mmoja sasa naishi kwa jina hilo na kwa kiapo hicho bila matatizo yoyote.

Bila matatizo, mpaka Miwani alipopenda.

Miwani ndiye rafiki niliye naye. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu kazi yake ni kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, katika duka dogo ambalo ukiingia unajiona mara sita kwenye vioo. Mama yake alipofariki nilikuwa nimemshika mkono. Dada hana, na kaka yake yuko mbali, humpigia simu mara mbili kwa mwaka na mara zote mbili humuuliza hali ya hewa. Mimi ndiye dada yake na yeye ndiye wangu, na hakuna aliyehitaji kutuandikia cheti.

Bwana aliyempenda ni mkutubi, mtunza vitabu wa maktaba ya wilaya: mrefu, mwembamba, mpole, mtu wa kukifuta kitabu vumbi kabla ya kukukabidhi. Walijuana pale dukani. Alikuja na miwani aliyoikalia. Wiki iliyofuata akaja nayo tena, ameikalia. Mara ya tatu Miwani akaelewa kwamba hakuna makalio yenye bahati mbaya kiasi hicho. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wale wawili walikohoa mtaa mzima ukasikia.

Sasa maktaba ikapata gari, gari zuri lenye rafu ndani, la kupeleka vitabu shule kwa shule. Wakubwa wakasema dereva awe mkutubi mwenyewe, na kama wiki sita zitaisha hana leseni, kazi hiyo apewe mwingine. Mkutubi akapaa kwa furaha, akashuka kwa hofu, kwa sababu chombo pekee alichowahi kuendesha maishani ni toroli la vitabu. Miwani akanijia jioni moja na kuniambia nimfundishe.

Nikakataa. Nikamwambia kuna mwenye shule yetu ya udereva, fundi mkubwa kuliko mimi. Miwani akanikumbusha kwamba wanafunzi wawili wa mwenye shule walishuka garini katikati ya somo wakarudi kwao kwa miguu. Nikasema nina ratiba. Akasema ameiona ratiba, iko ukutani. Nikaishiwa ujanja, nikakubali kwa masharti: tusome mchana kweupe, vioo vya gari viwe chini, namba yake sitaki, ujumbe wote upitie kwa Miwani, na ndani ya gari langu Miwani asitajwe kabisa, kwa heri wala kwa shari. Mkutubi akayapokea masharti kwa kuinamisha kichwa, kama anasomewa kanuni za maktaba. Miwani alinitazama kwa namna ambayo sikujisumbua kuielewa.

Gari letu la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Yangu iko upande wangu, chini ya mguu wangu wa kulia, na imewahi kuokoa kuku, ng'ombe na mwenyekiti mmoja wa mtaa. Siku ya kwanza shemeji aliingia, akafunga mkanda, akakirekebisha kioo kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshapata leseni. Hatimaye tukaondoka, kwa mwendo wa maandamano ya harusi. Tulipofika kwenye uzio wa shule ya msingi akafungua kinywa, "Unajua, Miwani ameniambia kwamba wewe..."

Mguu wangu ukakanyaga breki kabla akili haijaulizwa. Gari likasimama kwa kishindo, mwenye baiskeli aliyekuwa nyuma yetu akatutukania ukoo. Nikamuuliza shemeji tulikubaliana nini. Akasema samahani, tukaendelea.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Kesho yake alisema "yule rafiki yako", breki. Keshokutwa akajaribu "mtu fulani", breki. Wiki ya pili akaanza kusema kuna dada mmoja amesema leo mvua itanyesha, nikakanyaga mpaka kofia yake ikaruka kwenye dashibodi, kumbe anamzungumzia mtangazaji wa redio. Sikumwomba radhi. Nilimwambia aangalie vioo vyake.

Ujumbe nao ulikwenda kama tulivyopatana. Nilimpigia Miwani kila jioni. Nilimwambia, mwambie shemeji kesho tunaanza saa mbili. Miwani alisema shemeji yuko hapa hapa pembeni, ampe simu? Nikasema hapana, mwambie tu. Na mwambie klachi si pa kuegeshea mguu. Miwani alirudia neno kwa neno, nikamsikia bwana akijibu kwa mbali kwamba mwambie nimeelewa, na Miwani akaniambia kwamba ameelewa, ilhali nimeshasikia. Watu watatu, simu moja, na mimi nikaona hicho ndicho kilele cha adabu. Wiki ya kwanza Miwani alikuwa anacheka. Wiki ya pili akawa hacheki, nikajipongeza kwamba sasa amezoea.

Mara mbili alinialika chakula, sisi watatu. Mara ya kwanza nikasingizia tumbo, mara ya pili nguo za kufua. Nilidhani nawaachia nafasi. Nililala na njaa siku ya pili, na nililala na moyo mweupe.

Lakini acha niseme ukweli, maana hapa hakuna breki. Ndani ya gari lile nilikuwa na furaha isiyosemeka. Yule bwana alikuwa burudani. Akirudi kinyumenyume kati ya zile koni za plastiki na kuiangusha moja, alikuwa anashuka, anaisimamisha, anaiambia pole. Akipanda kilima alikuwa anabana pumzi, nami nikijikuta nimebana yangu, tukifika juu tunapumua pamoja kama waogeleaji. Siku aliyofanikiwa kuingiza gia ya tatu bila kelele alicheka kicheko chembamba kama cha mtoto anayetekenywa, nikauma shavu la ndani mpaka nikaonja damu ili nisicheke naye. Na jioni nilikuwa natamani kumsimulia mtu. Mtu wa kumsimulia alikuwa mmoja tu duniani, na huyo ndiye niliyekuwa nimejikataza.

Siku ya mtihani ikafika, Alhamisi. Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka inakata, faili kwapani. Mimi nikasimama nje ya uzio nimeshika nyaya. Shemeji alianza vizuri mpaka nikataka kulia. Koni hakugusa hata moja. Kilimani alipanda kama amezaliwa huko. Ikabaki ile barabara iliyonyooka, mita mia mbili hadi getini, ambayo hata mbuzi angeipita. Katikati yake gari likasimama ghafla. Mbele hapakuwa na shimo, mtu wala jani. Kichwa cha mtahini kilikwenda mbele kikarudi. Gari likaondoka tena, likaenda hatua chache, likasimama tena vile vile.

Alishuka na karatasi mkononi, imeandikwa: amesimama barabarani bila sababu, mara mbili. Akanieleza. Mtahini alimwona anatetemeka, akataka kumtuliza, akamuuliza kama kuna mtu anayesubiri habari njema. Mkutubi akajibu kwamba yupo, na mguu wake wenyewe ukakanyaga breki. Akaomba radhi, akaondoa gari. Yule mama, kwa roho yake nzuri, akamuuliza huyo mtu anafanya kazi gani. Akasema anapima macho, na mguu ukakanyaga tena.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Yeye naye akacheka, karatasi ya kufeli ikipepea mkononi, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima tukawa watu wawili wanaochekea jambo moja. Kisha nikakumbuka nafasi yangu. Nikasimama, nikajipangusa, nikamwambia shemeji pole, marudio ni wiki ijayo, muda utakuwa haujaisha, nikaviangalia viatu vyangu.

Akaacha kucheka. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi nimekukosea nini?"

Kumjibu kungekuwa mazungumzo. Nikaingia kwenye gari nikaliondoa, nikamwacha anatafuta pikipiki ya kumrudisha mjini.

Saa saba mchana nilikuwa kwenye uwanja wa shule yetu nakusanya koni, nimezipachika moja juu ya nyingine mpaka kifuani, Miwani akaingia. Alikuwa bado na koti lake jeupe la kazini, na ile bisibisi yake ndogo ya kukazia fremu imechomoza mfukoni. Mkutubi alikuja naye lakini aliachwa getini, na alisimama pale kama mtu anayesubiri daktari atoke. Miwani akaja moja kwa moja mpaka pua yake ikakaribia koni ya juu.

"Leo sikuulizi kwa utani," akasema. "Ana nini?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Breki. Yule pale. Ana kasoro gani?"

Nikamwambia shida yake ni klachi tu, na hiyo inarekebishika.

"Ameniomba tuoane," Miwani akasema. "Wiki tatu sasa. Nilimwambia angoje mtihani upite. Umepita. Leo namjibu, na nimeshaamua kumwambia hapana."

Koni zikanitoka mikononi zote, zikabiringika uwanjani kila moja na njia yake. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu sikuitambua.

"Kwa sababu yako," akasema. "Mama sina. Dada sina. Mimi nikishapenda sioni, nawapima watu macho kutwa nzima na ya kwangu sina wa kunipimia. Unadhani nilikosa shule ya udereva? Iko moja nyuma ya maktaba yake, mlango kwa mlango. Nilikuletea wewe makusudi. Nilimweka mbele yako mwezi mzima umtazame uniambie ni mtu gani. Na wewe umeniambia nini? Klachi. Akinitaja unakanyaga breki, ananihadithia. Chakula huli naye. Hata sauti yake kwenye simu huitaki. Nikajua, huyu ameona kitu, na anaona vibaya kunivunja moyo."

Nilisimama pale mikono mitupu. Nimewahi kuona wanafunzi wakiingiza gari mtaroni huku wanakiangalia kioo kwa makini kabisa, kila kitu kama walivyofundishwa, na nikawacheka. Sikuwa na haki ya kuwacheka tena. Nilikuwa nimejenga ukuta ili nisimpoteze Miwani, na mwezi mzima nilikuwa nimemfungia nje ya ukuta huo yeye mwenyewe. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa kilimani na mwanafunzi yeyote.

Kwa hiyo nikasema. Nikamweleza habari ya yule rafiki wa chuoni, ambayo miaka yote sijawahi kumwambia kwa aibu, na lile swali aliloniuliza. Niliisema kwa pumzi moja. Miwani akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mjinga," akasema taratibu. "Huyo hakukutuma. Mimi nimekutuma."

Akakunja mikono juu ya koti jeupe akangoja.

Hapo nikafungua bomba. Nikamwambia yule bwana anaziambia koni pole. Nikamwambia kwamba katika mwezi mzima hajawahi kulilaumu gari hata siku moja, na mimi nimefundisha watu mia nne, wote wamelilaumu gari, akiwemo kasisi. Nikamwambia alisimamisha gari kumpisha kuku, kuku akaghairi, naye akamngoja aghairi tena. Kwamba mwenye baiskeli alipomtukania ukoo alitoa kichwa dirishani akasema una haki, ndugu yangu. Nikamwambia habari ya gia ya tatu na kile kicheko, nikakiigiza, vibaya. Kwamba namfokea, namkanyagia breki, kofia inaruka, na bado kila asubuhi anakuja amenyoa ndevu na kuniambia asante kwa somo la jana. Kwamba alifeli mtihani kwa sababu akiulizwa tu juu yako mwili wake wote unasimama, na kama hiyo si dalili basi mimi dalili sizijui. Kwamba nampenda, nampenda sana, nilikuwa napita mbele ya nyumba yako jioni nimejaa hadithi zake mpaka kooni na nikarudi nazo kulala. Kwamba ana subira, ana adabu, hanuki, na mikono yake kwenye usukani imetulia vizuri, na akigeuza kichwa kuangalia nyuma, lazima tuseme ukweli, ile shingo yake...

"Hapo pametosha," Miwani akasema.

Nikakanyaga breki ya mdomo.

"Shingo niachie mimi."

Tukatazamana. Alikuwa amekaza uso kabisa, kidole amekiinua, na pembe ya mdomo inamcheza. Mimi ndiye niliyeanza, yeye akafuata, tukacheka tukashikana mabega, tukacheka hadi bisibisi ikamtoka mfukoni. Kila mmoja akijaribu kunyamaza mwingine anasema shingo. Machozi yalinitoka, mengine ya kicheko na mengine si ya kicheko. Miaka yote nilikuwa najichorea mstari wa mpaka peke yangu kwa kubahatisha, na kumbe mwenyewe yupo, ana mdomo, akitaka nisimame ananiambia simama.

Miwani akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaokota bisibisi yake, akaenda getini. Sikusikia alichomwambia mkutubi na sikutega sikio. Nilimwona tu bwana akiinua mikono juu kama amefunga bao, akarudi nyuma hatua moja bila kuangalia vioo, kisigino kikakuta koni mojawapo, akaenda chini mzima mzima, miguu juu. Akabaki amelala pale pale kwenye vumbi, anacheka kile kicheko chembamba. Miwani akaona kwamba sikukiigiza vizuri hata kidogo, akanipigia kelele hivyo kutoka huko.

"Njoo, Breki," akaita.

Nikaenda. Nilipobakisha kama hatua tano nikasimama, kwa sababu sikujua tena adabu inataka hatua ngapi. Mkutubi alikuwa anatuangalia kutoka chini, akasema kama hatuna kazi nyingine tumsaidie kuinuka. Miwani akampa mkono mmoja, kisha akanigeukia.

"Huo mwingine ni wako," akaniambia. "Shika."

Nikaushika, tukamvuta.